Barua ya wazi kwa Jiji la Tanga: jengo la umma likabidhiwe pamoja na modeli yake

Kwa Mstahiki Meya, Mkurugenzi wa Jiji, waheshimiwa madiwani na wataalamu wa Halmashauri ya Jiji la Tanga,

Habari za kazi.

Naanza na ombi lenyewe, maana najua barua nyingi zinazofika mezani kwenu husomwa aya ya kwanza, zikagongwa muhuri na kuingia kwenye faili. Naomba kila mkataba mpya wa kusanifu au kujenga jengo la umma katika Jiji letu uwe na kifungu kinachosema hivi: jengo halihesabiki kuwa limekabidhiwa, na malipo ya mwisho hayatoki, mpaka Halmashauri ipokee modeli ya kidijitali ya jengo hilo jinsi lilivyojengwa kweli, katika faili linalofunguka bila kutegemea programu ya kampuni moja, pamoja na ruhusa ya maandishi ya kulitumia kwa matengenezo. Kompyuta siombi, wala safari ya mafunzo nje ya nchi.

Mimi ni fundi sanifu majengo. Nimechora ramani za nyumba za watu kuanzia Ngamiani hadi Pongwe, nimepima majengo ya zamani kwa futi kamba, na nimesimamia saiti za madarasa na zahanati. Niliyoyaona huko ndiyo yanayonifanya niandike.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Ramani ambayo wengi tunaijua, hata ile inayochorwa kwa kompyuta, ni mistari. Mistari miwili iliyo sambamba tunaiita ukuta kwa sababu sisi tunajua ni ukuta. Kompyuta yenyewe haina habari. Ukisogeza mlango kwenye ramani ya chini, inabidi ukumbuke kuusogeza kwenye mwonekano wa mbele, kwenye mkato, kwenye jedwali la milango na kwenye makadirio ya gharama. Ukisahau mahali pamoja tu, fundi atakutana na milango miwili tofauti katika karatasi mbili za jengo lilelile, na atachagua ule unaomrahisishia kazi. Simlaumu.

Modeli ya taarifa za jengo, ambayo wenyewe kwenye fani tunaiita BIM, inaanzia kwingine. Unalijenga jengo zima ndani ya kompyuta kabla ya jembe kugusa ardhi. Ukuta unawekwa kama ukuta: una unene, kimo, aina ya tofali, plasta ya ndani na ya nje, unajua umeshikana na nguzo ipi na unazunguka chumba gani. Ramani, mikato, mionekano na majedwali vyote vinatolewa humo humo, kwa hiyo mlango ukisogea umesogea kila mahali. Mhandisi wa nguzo, wa umeme na wa maji kila mmoja anaweka vitu vyake, vinaunganishwa, na programu inaonesha mahali ambapo vitu viwili vinagombea nafasi moja.

Wala si mambo ya jana. Charles Eastman, Mmarekani, aliandika juu ya wazo hili katikati ya miaka ya 1970. Programu ya ArchiCAD ilizaliwa Hungary miaka ya 1980, na ile ya Revit ikatoka mwaka 2000. Uingereza ilitangaza mwaka 2011, na kuanzia Aprili 2016 miradi inayogharamiwa na serikali kuu yao ikatakiwa kutumia utaratibu huu. Singapore ilianza kudai modeli kwa vibali vya majengo makubwa mwaka 2013, na ilipofika 2015 ikashusha kiwango hadi majengo ya mita za mraba 5,000. Utaratibu wa kupokea na kutunza taarifa hizi una kiwango chake cha kimataifa, ISO 19650, kilichotoka 2018, na faili huru ninalolisema hapo juu lina chake, ISO 16739, ambalo kwa kifupi huitwa IFC. Hakuna anayetutaka tubuni kitu.

Sasa twende saiti.

Miaka michache iliyopita nilikuwa kwenye ujenzi wa jengo la huduma za afya, ghorofa moja. Jina na mahali naviacha. Vyoo vya juu vilikuwa upande mmoja wa korido, na bomba la kushuka upande wa pili. Bomba la maji machafu la inchi 4 lazima liwe na mteremko, na ukifuata kipimo cha kawaida cha moja kwa 40, kwa mwendo wa mita 6 linashuka sentimita 15. Kwenye karatasi ya fundi bomba huo ulikuwa mstari wa nukta uliovuka korido bila shida. Kwenye karatasi ya mhandisi wa nguzo, katikati ya korido hiyohiyo, palikuwa na boriti ya zege yenye kina cha sentimita 45. Karatasi zote mbili zilikuwa sahihi, ila hakuna aliyewahi kuziweka moja juu ya nyingine.

Fundi bomba alifika zege likiwa limeshakomaa. Alipanda jukwaa, akapima, akashuka, akauliza. Mwenye jibu hakuwepo. Akachukua tindo na nyundo. Aliitoboa ile boriti karibu na nguzo, yaani palepale ambapo ndipo inapoelemewa zaidi na nguvu ya kuikata, akakata ringi mbili, yaani vyuma vinavyozungushiwa nondo, kwa msumeno wa chuma na kuikunja ya tatu pembeni ili bomba lipite. Kwa macho ilikuwa kazi safi: tundu la mviringo, bomba limetulia, mteremko hauna kasoro. Mhandisi alipofika alinyamaza kwanza, kisha akaamuru kazi ya juu isimame na slabu itegemezwe kwa mirunda. Yaliyofuata mnaweza kuyakisia: barua, vikao, zege la kuongezea, bomba kuhamishwa, na kila upande kutoa karatasi yake iliyogongwa muhuri. Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Ndani ya modeli mgongano ule ungeonekana mezani, kwa rangi nyekundu, kabla hata nondo hazijanunuliwa. Kuutatua kungetosha simu moja: vihamishwe vyoo upande wa pili, au liachwe tundu kabla ya kumwaga zege na mhandisi aongeze nondo za kulizunguka. Najua wapo watakaosema kwamba msimamizi makini angeliona jambo hili hata kwenye karatasi. Kweli angeliona. Lakini msimamizi huyo makini ana saiti nne na pikipiki moja.

Tuje kwenye mifuko ya saruji, na hapa najua nagusa pabaya.

Sehemu kubwa ya madarasa na zahanati nchini hujengwa kwa utaratibu wa Force Akaunti: vifaa vinanunuliwa, fundi wa mtaani analipwa ufundi. Fedha za mpango wa UVIKO-19 za mwaka 2021/22 zilipelekwa kwenye madarasa 15,000 nchi nzima, na utaratibu ulikuwa huohuo. Umeokoa fedha na sina ugomvi nao. Tatizo langu ni orodha ya vifaa. Kamati ya ujenzi, yaani mwalimu mkuu, mwenyekiti wa mtaa na wazazi wawili watatu, inapewa orodha iliyonakiliwa kutoka jengo jingine. Lile jingine lilijengwa kwenye uwanja tambarare. Huu wa sasa una mteremko, msingi wa upande wa chini unadai kozi nne zaidi za tofali, na orodha haina habari hiyo. Saruji inaishia kwenye linta, yaani zege la juu ya milango na madirisha. Mtaani minong'ono inaanza kwamba mwalimu kaiba. Mara nyingine kaiba kweli. Mara nyingine orodha ndiyo iliyodanganya, na hapo hakuna njia ya kumsafisha mtu wala kumtia hatiani.

Modeli iliyowekwa juu ya vipimo halisi vya kiwanja inatoa idadi ya tofali, ujazo wa zege la msingi, mita za nondo na eneo la plasta, kwa jengo hilo na si la jirani. Ukipanua dirisha kwa sentimita 30, tofali zinapungua, linta inarefuka, plasta na rangi zinabadilika, bila mtu kukumbushwa. Msinielewe vibaya lakini: hesabu hiyo haitoshi peke yake. Modeli haijui kwamba tofali zitavunjika kwenye tela la trekta, wala kwamba mvua ya vuli itasomba nusu ya mchanga usiku mmoja. Mkadiriaji majenzi bado anatakiwa aongeze hasara na aweke bei za Tanga. Ila kamati ikikaa na kuuliza mifuko 60 imekwenda wapi, inakuwa na mahali pa kuanzia. Wizi hautakoma kwa sababu ya programu. Utakosa kichaka cha kujificha, basi. Na nadhani, kwa heshima zote, hii ndiyo sababu baadhi ya watu wataipinga barua hii wakitaja sababu nyingine.

La joto nalo. Ramani za mfano zinazotumika nchi nzima zina manufaa yake, zimehakikiwa na zinaokoa muda. Lakini darasa lilelile linalofaa kwenye baridi ya Njombe linaletwa hapa pwani na kulazwa jinsi kiwanja kilivyokaa. Tanga ipo nyuzi 5 hivi kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri linakaa upande wa kaskazini, kimo cha nyuzi kama 61. Upenu wa mita moja unatosha kulikinga dirisha la upande huo. Jua la saa tisa na saa kumi alasiri ni jambo jingine kabisa. Linaingia chini ya upenu huo na kukaa juu ya madaftari, na watoto wa madawati ya magharibi wanahamia kwa wenzao wa mashariki, watano kwenye dawati la watatu. Nimeliona kwenye madarasa ambayo upande wake mrefu umeelekezwa magharibi kwa sababu tu barabara ilikuwa huko. Na upepo nao: kusi huanza Aprili, kaskazi huja Desemba, yote miwili bure, na jengo limeyapa mgongo yote miwili.

Programu hizi zinaliweka jengo kwenye latitudo yake na kulizungushia jua la mwaka mzima kwa dakika chache. Kuligeuza nyuzi 90 kwenye skrini ni kubofya. Msingi ukishamwagwa, ni kubomoa. Ramani inabaki ileile ya mfano, hakuna anayebadilisha kitu, isipokuwa imelazwa kwa akili ya mahali. Hapo hapo ingeandikwa pia kwamba jengo liko karibu na bahari, kwa hiyo zege la kufunika nondo liwe nene kuliko la bara, maana chumvi ya Raskazone haina mchezo na chuma.

Nimesema modeli ya jengo jinsi lilivyojengwa kweli, na maneno hayo sikuyaweka kwa kurembesha. Mtoto akizaliwa hospitali ya Bombo anatoka na kadi ya kliniki. Akihama, kadi inahama naye, na muuguzi wa Lushoto au wa Handeni anajua chanjo gani bado. Jengo la mamia ya milioni linatoka mikononi mwa mkandarasi bila kadi. Taasisi moja iliwahi kutuita tuiongezee ghorofa. Tulipoomba michoro tukaletewa nakala iliyofifia ya kibali, kurasa tatu, hakuna hata ukurasa mmoja wa nguzo. Michoro mingine ilikuwa kwenye kompyuta ya mshauri ambaye alishahama mji. Ikabidi tuchimbe kando ya msingi tuone upana wake, na tuparue zege la nguzo tuhesabu nondo. Jengo lilikuwa halijafikisha hata miaka kumi.

Ghorofa lilipoanguka Kariakoo Novemba 2024, nchi nzima iliuliza majengo mengine yakoje, na serikali ikaunda tume ya kukagua majengo ya Kariakoo. Mkaguzi anayefika kwenye jengo lenye taarifa zake anaanza na nguzo aliyoikusudia. Asiye na taarifa anaanza na nyundo na kubahatisha. Majengo ya ghorofa ya Tanga yanaongezeka. Sijui kwa nini tusubiri letu.

Naomba nikae kidogo kwenye majengo ya zamani, kwa sababu ndiyo yaliyo moyoni mwangu na ndiyo yasiyoweza kusubiri mkataba mpya. Tuna Boma la Wajerumani ambalo leo ni makumbusho ya Urithi. Tuna jengo la zamani la hospitali pale Bombo, juu ya jabali, linalotazama bahari. Tuna nyumba za katikati ya mji zenye baraza za ghorofani na milango ya nakshi. Na kusini mwa mji tuna Tongoni, msikiti na makaburi zaidi ya 40 ya mawe, ambako minara mingi ya makaburi imekwisha kuanguka. Kila mnara ulioanguka bila kupimwa, hakuna atakayeusimamisha tena kama ulivyokuwa. Atasimamisha anachokikisia.

Ukitaka kujua kwa nini futi kamba haitoshi, ingia nyumba moja ya matumbawe na chokaa. Nimepima chumba ambacho kuta zake nne hakuna mbili zinazolingana, na kona kwa kona zinatofautiana kwa upana wa kiganja. Ukuta umetoka tumbo kuelekea uani. Mchoraji anayechoka, na sote tunachoka, anakiandika chumba kile kama mstatili mnyofu, na hapo karatasi imeshadanganya: lile tumbo ndilo lililokuwa likisema kwamba boriti za mikoko za juu zimeoza na uzito umehama. Picha mia chache zilizopigwa kwa mpangilio, kila moja ikigusa sehemu ya mwenzake, zikiingizwa kwenye programu zinarudisha ukuta na tumbo lake, ufa na upana wake. Simu fulani za bei kubwa zina hata kihisi cha kupimia masafa mafupi. Droni inasaidia kwa mapaa, na kibali chake kinatafutwa kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamepimwa kwa leza na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Cape Town, kwa hiyo hakuna anayeweza kusema pwani yetu haiwezekani.

Juu ya umbo hilo ndipo taarifa zinapowekwa, na faida yake inashikika. Ukuta wa chokaa unapumua. Fundi akiupiga plasta ya saruji, unyevu unafungiwa ndani, chumvi inasukuma, na baada ya masika mawili matatu plasta inabanduka na kipande cha ukuta. Mkaguzi akifungua modeli, akagusa ukuta huo na kusoma kwamba ni wa chokaa na saruji hairuhusiwi, tumeokoa ukuta kwa sentensi moja. Jumba la Maajabu la Zanzibar, lililojengwa 1883, lilianguka upande wa mbele pamoja na mnara wake wa saa tarehe 25 Desemba 2020 likiwa kwenye ukarabati, na watu wawili wakapoteza maisha. Kanisa la Notre-Dame la Paris liliungua Aprili 2019; miaka kadhaa kabla ya hapo mwanahistoria wa sanaa Andrew Tallon alikuwa ameshalipima kwa leza, nukta zaidi ya bilioni moja, na vipimo hivyo vikawa miongoni mwa nyenzo za kulijenga upya mpaka likafunguliwa Desemba 2024. Sisi hatuna fedha za Ufaransa. Kupiga picha tunaweza.

Sasa hoja za upande wa pili, ambazo nimezisikia vikaoni.

Gharama. Ni kweli kwamba Revit inagharimu maelfu ya dola kwa mwaka kwa kompyuta moja, na ni kweli pia, hapa nitawaudhi wenzangu, kwamba programu nyingi zinazochorea ramani za mji huu ni za krak, yaani hazijalipiwa. Ndiyo maana nimeomba faili huru. Halmashauri haihitaji kununua programu yoyote ya kampuni kubwa kufungua IFC; FreeCAD ni ya bure, Bonsai inayokaa ndani ya programu ya Blender ni ya bure, na zote mbili zinafungua na kuandika faili hizo. Mshauri atumie anayoitaka, alete IFC.

Utaalamu. Zabuni za umma zilihamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa NeST mwaka 2023 na yakasemwa mengi. Leo makandarasi wadogo wanaombea kazi humo. Vijana wa Chuo Kikuu Ardhi na vyuo vya ufundi wanakuja mafunzo kwa vitendo kila mwaka, wengine wanaijua modeli kuliko mabosi wao, na tunawapa kazi ya kutoa fotokopi. Wapewe jengo moja la zamani wakapime.

Fundi wa saiti hatasoma kompyuta. Hatakiwi kusoma kompyuta! Achapishiwe kurasa mbili za picha ya pande tatu ya mahali anapofanyia kazi, nondo zikiwa na rangi na bomba likiwa na rangi yake. Nimewapa mafundi kurasa za namna hiyo, na maswali yaliyokuja yalikuwa ya maana zaidi kuliko ya ramani ya kawaida, likiwemo moja lililomwonesha msanifu kosa la ngazi.

Hakimiliki ni hoja nzito na naiheshimu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi za usanifu, na msanifu ana haki ya kuogopa modeli yake isije ikanakiliwa kata nyingine bila yeye kulipwa. Kifungu kiseme wazi: modeli ni kwa ajili ya kutunza, kukarabati na kupanua jengo hilohilo, si kujengea jingine. Na ada ya kuitengeneza iwekwe kwenye zabuni tangu mwanzo, maana kazi hii ina jasho na mshauri asiyelipwa ataleta takataka.

Hapa nawaomba muwe wakali. Msikubali picha. Mtaletewa jengo linalong'aa, magari ya kifahari getini, minazi iliyonyooka na watoto wa Kizungu wakikimbia kwenye nyasi, mtaambiwa hiyo ndiyo modeli. Hiyo ni picha ya kuuzia. Mwombeni mshauri abofye ukuta mmoja mbele yenu na awasomee umejengwa kwa nini; akishindwa, arudi nayo. Na isiletwe mwishoni tu. Modeli inayochorwa baada ya jengo kukamilika, kwa kumlipa kijana usiku mbili ili hundi itoke, haimsaidii mtu yeyote. Idaiwe mara ya kwanza kabla ya msingi, bomba na boriti zikiwa zimeshapatanishwa, kisha irekebishwe kila saiti inapobadilisha kitu.

Mwananchi anayejenga vyumba vitatu Kange au Mwahako asiguswe na haya. Kibali chake kina mlolongo wa kumtosha. Nazungumzia majengo ya umma, nikianza na ya ghorofa na ya afya, ambako mabomba ndiyo mengi.

Pa kuhifadhi pawe pamoja panapojulikana, kwenye seva, na nakala ya pili mahali pengine. Isiwe flashi kwenye droo ya afisa ambaye mwezi ujao anahamishiwa Kilindi. Ajulikane kwa cheo nani anapokea, nani anafungua na kuhakiki, na nani anasaini kwamba kilichomo ndicho kilichosimama.

Ninachokiomba kwa sasa ni suala hili liingie kwenye ajenda ya Kamati ya Mipango Miji na Mazingira katika kikao chake kijacho, na lichaguliwe jengo moja ambalo bado halijatangazwa zabuni ili kifungu kijaribiwe humo. Rasimu yake nimeiandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja na nusu, na nimeipeleka masijala pamoja na nakala ya barua hii. Mwanasheria wa Jiji aichanechane anavyoona inafaa. Nikiitwa kuonesha modeli ya mfano nitakuja na kompyuta yangu, siku yoyote isipokuwa Ijumaa mchana.

Wenu katika kazi,

Fundi sanifu majengo,
Chumbageni, Tanga